Mahojiano ya Delfina

Mwalimu Wanza aliwaomba wazazi watoke nje, kisha akafunga mlango. Aliufunga taratibu, kwa tabasamu, na kabla ya kuufunga aliwaambia kina mama waliosimama kwenye ukumbi wa chini wa kanisa kwamba chai ipo na mandazi yapo, wajisikie nyumbani. Kina mama wengine wakaenda kwenye chai. Kostansia hakwenda. Alisimama palepale, mkoba kifuani, akiutazama mlango ule kama mtu anayemtazama mbwa asiyemfahamu.

Milango ya namna hiyo alikuwa ameshaiona. Kambini, huko Kasulu alikokulia, mlango ulifungwa taratibu vivyo hivyo, mtu mwenye tabasamu akakaa upande wa pili wa meza na kalamu yake, na ulichokisema mle ndani kilikutangulia miaka yote iliyofuata. Mume aliitwa peke yake, mke peke yake, mtoto peke yake. Majibu yakipishana, hata juu ya siku gani ni ya soko, faili lilirudishwa chini kabisa, na watu waliokwisha kugawia majirani masufuria yao wakijua wanaondoka wakaanza kupita nyumba kwa nyumba kuyaomba tena.

Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa sita, mwaka 2015, huko South End, Louisville, ambako Warundi waliazima kanisa la Wamarekani kwa ibada zao. Wanza alikuwa Mkenya, msichana wa miaka ishirini na minane hivi, mpole wa sauti, aliyetoka Buffalo. Huduma yake iliitwa Binti wa Thamani. Ilizunguka miji mitatu, Louisville, Columbus na Buffalo, ikiwakusanya wasichana wa miaka kumi na miwili hadi kumi na sita. Mchungaji alikuwa ametangaza kwamba watafundishwa kuwa Mungu aliwaumba kwa mkono wake, kwamba wao si takataka ya mtu, na kwamba wenye majeraha ya moyo watapona.

"Wapone nini?" Kostansia alimuuliza mumewe siku ile ya tangazo. "Delfina anaumwa?"

"Labda wana dawa ya uvivu wa kuosha vyombo," alijibu Sipriani. "Mwache aende."

Sasa Kostansia alisogea kwenye kioo chembamba cha mlango. Wasichana walikaa duara, kila mmoja ameshika kioo kidogo cha mkononi, wakijitazama na kuchekana. Delfina alikuwa amekishika chake kwa mikono miwili, akakitazama bila kucheka. Na Wanza alikuwa na karatasi gotini. Alikuwa anaandika.

Kostansia alibandika uso kwenye mlango.

Kulikuwa na neno moja duniani ambalo halikutakiwa kuandikwa na mtu. Delfina hakuwa mtoto wa tumbo lake. Alikuwa mtoto wa dada yake, Immaculée, aliyekufa kwa malaria kambini. Orodha za kwenda Amerika zilipofunguliwa mwaka 2007, habari zilienea kwamba yatima wanawekwa kwenye mstari wao, kwamba kesi zao zinachunguzwa mbali na za wengine, na kwamba mstari huo hausogei. Habari zile zilikuwa za kweli au za uongo, nani angemwuliza nani? Kostansia alikwenda mezani akasema mtoto ni wake. Kisha, kila jioni kwa miezi minne, alimkalisha mkekani mtoto wa miaka sita na kumwuliza. Mama yako ni nani? Ulizaliwa wapi? Nyumba yenu ni ya ngapi kutoka bombani? Mtoto alijibu hadi akawa anajibu akiwa na usingizi.

Walipita. Walifika Louisville mwaka uliofuata, watatu, yeye na Sipriani na Delfina, na Mungu hakuwajalia mwingine. Miaka saba ilikwenda. Na sasa barua ilikuwa imefika: mahojiano ya uraia, mwezi wa tisa. Kostansia hakuijua sheria wala hakuwa na mtu wa kumuuliza bila kujifichua. Alijua kitu kimoja tu: kama neno lile lingetoka, wangeweza kumchukua Delfina.

Jioni alimkuta Delfina jikoni, akila wali kwa kusimama.

"Mwalimu aliuliza nini?"

"Nothing, Mama."

"Alikuwa anaandika. Mtu haandiki pasipo kitu."

Delfina akainua mabega. "Aliuliza ni wapi panapouma."

"Ukamwambia nini?"

"Nikamwambia hapaumi."

"Vizuri. Na akikuuliza mama yako…"

"Najua, Mama," alisema Delfina, akaweka sahani kwenye sinki na kwenda chumbani kwake.

Kwenye ghala la viatu huko Okolona, Kostansia alipanga maboksi bega kwa bega na Angelika, mwanamke wa kutoka kambi moja naye, ambaye habari zilimfikia kabla hazijatokea. Siku moja ya wiki ile Angelika alimwuliza kama anajua yule Mkenya anasomea nini kule Buffalo, chuo kikuu.

"Neno la Mungu, si ndiyo?"

"Neno la Mungu anafanya Jumamosi. Darasani anasomea ushauri wa watoto." Angelika alishusha sauti japo mashine zilikuwa zinanguruma. "Wale wanaokuja kuchukua watoto, wakigonga mlango wa mtu na polisi nyuma yao, wewe unadhani walisomea ushonaji?"

Kostansia alibandika lebo ileile mara mbili kwenye boksi moja.

Kwa hiyo safari ya Columbus ilipotangazwa, mwezi wa saba, alikuwa wa kwanza kuinua mkono. Atapika. Atapikia wasichana wote thelathini, siku zote mbili, wala hataki asante. Mchungaji alimsifu mbele ya kanisa zima. Sipriani, aliyekuwa dereva wa gari la kanisa, alimtazama kwa jicho la pembeni hadi walipofika nyumbani.

"Unakwenda kupika au kupeleleza?"

"Nikiwa jikoni nani atanifukuza?"

"Haya, mpelelezi. Usisahau chumvi tu."

Ukumbi wa Columbus ulikuwa na jiko lenye dirisha pana la kupitishia sahani, na Kostansia aliliacha wazi tangu asubuhi. Aliosha mchele akisikiliza, akakata vitunguu akisikiliza. Walianza kwa sala, wakaimba, wakasomewa habari ya mwanamke aliyegusa upindo wa vazi la Bwana. Hakuna la hatari. Kisha Wanza akasema kwamba leo kila mmoja atasimama aseme yeye ni nani.

"Si jina tu," alisema. "Mkijitazama pale kwa kioo, mnaona nani?"

Msichana mmoja alisema yeye ni mcheshi na anajua kusuka. Mwingine alisema yeye ni mwoga wa mbwa lakini si mwoga wa watu, wenzake wakampigia makofi. Zamu ya Delfina ikafika. Alisimama, akanyoosha mikono ubavuni, na yeye ambaye siku hizi alimjibu mama yake kwa Kiingereza akasema kwa Kiswahili kisafi, pasipo kupumua:

"Naitwa Delfina. Nilizaliwa tarehe nne mwezi wa tatu mwaka elfu mbili na moja, kambini, wilaya ya Kasulu. Mama yangu ni Kostansia. Baba yangu ni Sipriani. Mimi ni mtoto wao wa pekee. Nyumba yetu ni ya tatu kutoka bombani. Mlango wetu ni wa bati."

Kisha msichana wa Columbus, Mrundi naye, akaguna, "Yetu ilikuwa ya tano kutoka kliniki." Mwingine akadakia, "Yetu ya mwisho, karibu na choo," na wasichana wa kambini wakacheka hadi wakashikana mabega, maana wote walikuwa wamekalishwa mikekani kwao. Delfina hakucheka. Wala Wanza.

Jikoni, Kostansia alijikuta ametabasamu. Miaka minane, na hakuna neno lililohama mahali pake. Tabasamu halikudumu. Wanza alikuwa anamtazama Delfina, amemkazia macho, na kalamu ikashuka kwenye karatasi.

Baadaye kidogo Wanza aliingia jikoni.

"Mama Delfina, hayo maharage yananukia vizuri sana."

"Yanaungua," alisema Kostansia, na kweli yalikuwa yanaungua.

"Naomba kukuuliza kitu kidogo."

"Uliza."

"Delfina akiulizwa yeye ni nani, anasimama kama yuko mbele ya polisi. Ni nani alimfundisha hivyo?"

"Hakufundishwa. Mtoto anawajua wazazi wake."

"Ni kweli." Wanza alichukua mwiko, akayageuza maharage kana kwamba jiko ni lake. "Ni vile tu hakusema kitu hata kimoja anachokipenda."

Nusu hiyo ya pili Kostansia hakuisikia vizuri. Ile ya kwanza ilikuwa bado inamlia masikioni. Wakati wa kuombea chakula, watu wote wakiwa wamefumba macho, yeye alifumbua. Ubao wa karatasi za Wanza ulikuwa umewekwa kwenye dirisha la sahani, nusu mkono tu kutoka alipo. Juu kabisa palikuwa na majina. Jina la Delfina lilizungushiwa duara. Wanza alikuwa bado anamshukuru Mungu kwa ajili ya mikono ya wapishi pale mkono wa mpishi ulipochomoa karatasi ile na kuikunja ndani ya gauni.

Waliporudi nyumbani, aliifungua mbele ya mumewe. Kiingereza cha kuandikwa kilimshinda. Sipriani alisoma pole pole, kidole chini ya kila neno.

"Huyu hali karanga. Huyu analala taa ikiwaka. Huyu anasema kichwa kinamwuma siku za shule tu." Kidole kikasimama.

"Na Delfina?"

"'Delfina. Aliniomba ruhusa kabla ya kulia. Buffalo, pamoja na mama.'"

"Alilia lini?"

"Imeandikwa hivyo tu."

"Amelia nini mbele ya mgeni? Alimwambia nini?"

"Mke wangu, si umwulize mwenyewe? Yuko chumba cha pili."

Lakini Kostansia hakumwuliza. Aliogopa jibu. Badala yake alisema hawaendi Buffalo, akakaa na neno hilo siku tatu, na siku ya nne akaligeuza. Kambini, mtu aliyekosa siku yake ya mahojiano ndiye aliyeanza kuchunguzwa. Watu walikwenda na homa, walikwenda na mimba za miezi tisa. Kutokwenda kulikuwa sawa na kukiri.

"Lakini huyu ni mwalimu wa Neno," alisema Sipriani.

"Hata yule wa kambini alikuwa na Biblia mezani."

Walikwenda, katikati ya mwezi wa nane, saa tisa nzima barabarani. Kostansia alikaa kiti cha mbele akirudia majibu kimoyomoyo, yake na ya mtoto. Nyuma, Delfina alitazama dirishani, kofia ya sweta kichwani.

Kanisa lilikuwa Amherst, kitongoji cha chuo kikuu kando ya Buffalo, chenye barabara pana na majani yaliyokatwa sawasawa, pasipo mtu anayetembea kwa miguu. Baada ya ibada, mama na binti waliitwa wawili wawili kwenye chumba kidogo chenye viti vitatu. Wanza aliwaeleza kazi yenyewe: mama amsimulie binti yake siku aliyozaliwa. Basi. Wasichana wengi, alisema, hawajawahi kusimuliwa kwamba kuna mtu aliyefurahi siku hiyo.

Kostansia aliangalia meza.

"Simu hiyo itoke."

Wanza aliichukua simu yake, akafungua mlango, akaiacha nje sakafuni.

"Na kalamu."

Wanza akampa kalamu. Kostansia akaishika kiganjani, akaketi sawasawa, akaanza.

"Ulizaliwa tarehe nne mwezi wa tatu, saa kumi na moja alfajiri, kwenye kliniki ya kambi. Mkunga aliitwa Mukansanga. Uzito wako ulikuwa kilo mbili na nusu. Nililala kliniki siku mbili, ndipo baba yako…"

"Hiyo ni ya mahojiano," alisema Delfina.

"Ndiyo hiyo. Hakuna nyingine."

"Mama." Delfina alikuwa anatazama magoti yake. "Nani anafundishwa jina la mama yake kila jioni, miezi minne? Watoto wengine walikuwa nje wanacheza. Mimi nilikuwa mkekani, naulizwa mama yako ni nani, mama yako ni nani. Nikajua kuna jina lingine."

Miaka yote ile Kostansia alikuwa amesimama langoni akilinda, na kumbe yeye mwenyewe ndiye aliyelifungua, kwa mikono yake, jioni baada ya jioni.

"Ulijua tangu siku zile?"

"Nilijua kuna kitu. Halafu nikiwa na miaka kumi, Angelika alisema kanisani ninatembea kama marehemu mama yangu. Akashika mdomo wake. Nikajua vizuri."

"Na hukusema."

"Nilidhani nikisema faili litaanguka." Sauti yake ikawa ndogo. "Mimi nataka kujua kitu kimoja tu. Watu wanasema wenye watoto waliitwa haraka. Mlinichukua kwa sababu hiyo? Maana kama ni hivyo, mwezi wa tisa mkishapata uraia, kazi yangu imekwisha."

Kostansia alimtazama Wanza. Wanza alikuwa amekaa bila karatasi, mikono mitupu juu ya mapaja, na uso wake haukusema kitu. Watu wa namna hiyo nyuso zao hazisemi kitu.

"Mwalimu, tutokee kidogo," alisema Kostansia.

"Abaki," alisema Delfina. "Tukiwa wawili utaniambia tena ile ya mkekani."

Kostansia alipima. Akisema, shahidi yupo. Asiposema, mtoto atatoka mle ndani akiwa na jibu lake mwenyewe, na jibu hilo atakaa nalo maisha yake yote. Kumpoteza kulikuwa kwa namna mbili, na hii ya pili haikuhitaji polisi.

"Hukuzaliwa kliniki," alisema. "Ulizaliwa nyumbani, mvua inanyesha, maji yanaingia chini ya mlango. Mkunga alichelewa. Mimi ndiye niliyekupokea. Nilikuwa sijawahi kupokea mtoto, nilikushika vibaya, dada yangu akanitukana huku analia. Immaculée. Hilo ndilo jina lake. Alisema, ukimwangusha mwanangu nitakuua, na mara akaanza kucheka."

Delfina aliinua macho kutoka magotini.

"Alikufa ukiwa na mwaka mmoja na miezi minane. Siku hiyohiyo nilikubeba mgongoni. Hesabu mwenyewe, wewe uko shule. Ilikuwa mwaka 2002. Orodha za Amerika zilikuja 2007. Tulikuwa hatujasikia hata jina la mji huu. Faili halikukuleta kwangu. Faili ndilo nililodhani litakuondoa, ndiyo maana nikadanganya. Nilikuwa na miaka mitano ya kuwa mama yako kabla ya mtu yeyote kuniuliza."

Kisha Delfina akaanza kuuliza, moja baada ya nyingine, haraka, kama anayetafuta mahali hadithi itakapopasuka. Alikuwa mrefu? Mfupi kuliko wewe. Aliimba? Vibaya, lakini kwa nguvu. Ni nani alinipa jina? Yeye. Kwa nini Delfina? Alilisikia kwa sista wa kliniki, akalipenda. Alipenda nini? Kubishana, na mahindi mabichi. Alinipenda? Alikunyonyesha akiwa na homa, tukamkataza, akatufukuza nyumbani kwake. Majibu yalitoka bila mpangilio, mengine yakigongana, na Kostansia hakuyapanga.

Alipomgeukia Wanza, alikuwa amechoka kama aliyemaliza zamu mbili.

"Sasa umesikia."

"Nimesikia, Mama Delfina."

"Utampelekea nani?"

"Simpelekei mtu. Lakini msiingie mle ndani mwezi wa tisa kabla ya kuongea na wakili. Kuna wanaosaidia wakimbizi bila malipo, hata huko kwenu. Mimi sijui watasema nini, na sitaki kukudanganya kwamba ni rahisi."

Kostansia aliutafuta mtego katika maneno yale, akayapindua huku na huku, na hakuuona. Hilo halikumtuliza. Alimwambia aandike jina la huyo wakili, akamrudishia kalamu, akasimama kando yake akiangalia kila herufi ikiandikwa.

Kesho yake waliondoka kabla ya jua kuwa kali. Sipriani alikuwa ameshaelezwa yote, na safari hii hakuwa na mzaha. Delfina alihamia kiti cha nyuma ya mama yake. Walikuwa wameshaiacha Buffalo mbali alipoinama mbele.

"Mwezi wa tisa utasema nini?"

"Kama wakili atakavyotuongoza. Lakini nitasema wewe ni mtoto wa Immaculée."

"Na wakiuliza wewe ni nani kwangu?"

Kostansia alikuwa na jibu. Alikuwa nalo tangu mvua ile. Lakini alitazama barabara, akasema, "Hilo watakuuliza wewe."

Delfina akarudi nyuma kwenye kiti chake. Walipoingia Ohio alikuwa bado anafikiri, paji la uso kwenye kioo, na Kostansia alikaa kimya mbele yake, mikono imebana mkanda wa kiti, bila kumfundisha la kusema.